Mmetufundisha kuwasha, semeni basi tunaona nini

"Soma msimbo." Maneno mawili, na juzi nimeyaona tena yakirushwa kwa mtu aliyeuliza swali la haki kabisa: kwenye matukio ya skedula ya Linux (skedula ni sehemu ya kerneli, kiini cha mfumo, inayoamua kazi ipi ipewe prosesa; tukio ni rekodi inayoandikwa jambo fulani likitokea humo), sched_waking na sched_wakeup yanatofautianaje, na lipi litumike mtu akitaka kujua kazi imengoja muda gani tangu iamshwe mpaka ipewe prosesa? Muulizaji hakuwa mvivu. Alishasoma events.rst yote, ukurasa wa nyaraka za kerneli kuhusu matukio. Alishapita ftrace.rst, ule wa ftrace, zana ya kerneli ya kufuatilia matukio hayo, na anayelijua faili hilo anajua kwamba kulimaliza ni safari. Alishafungua faili la format la kila tukio, linaloorodhesha uga zake. Akaishia kuelekezwa kwenye msimbo, na aliyemwelekeza akapigiwa makofi.

Basi leo naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Tuanze na alichokikuta huyo muulizaji. Ukifungua events/sched/sched_waking/format unaona comm, pid, prio na target_cpu (jina la kazi, namba yake, kipaumbele chake na prosesa lengwa). Ukifungua la sched_wakeup unaona comm, pid, prio na target_cpu. Mapacha watupu, tofauti ni jina na namba ya ID. Na nyaraka je? events.rst inakufundisha kwa upole kwamba ukitaka kuwasha tukio unaandika 1 kwenye faili lake la enable, au unaongeza jina lake kwenye set_event, na usisahau kutumia >> maana > peke yake inafuta yaliyokuwemo. Inakufundisha vichujio. Inakufundisha vichochezi, vinavyofanya jambo tukio likitokea. Na tukio walilolichagua kuwa mfano wa kuwasha ni lipi? Ni huyohuyo sched_wakeup! Jina limewekwa mbele ya macho ya kila msomaji mgeni, halafu ukurasa mzima hausemi popote kwamba likishawaka linakuambia nini.

Jibu lipo, silikatai. Limekaa ndani ya include/trace/events/sched.h, kwenye maoni mafupi juu ya kila tukio. sched_waking hutokea kwa hakika katika muktadha wa yule anayeamsha. sched_wakeup hutokea pale kazi inapokuwa imeamka kweli, hali yake imeshakuwa TASK_RUNNING (tayari kuendeshwa), na si lazima iwe kwenye prosesa ya mwamshaji. Ukishalijua hilo, mengi yanafunguka. Tuseme prosesa namba 2 inaamsha kazi itakayoendeshwa na namba 7, na namba 7 imelala ule usingizi mzito wa kuokoa umeme. Namba 2 haimalizi uamshaji yenyewe kila mara. Inaweza kuiweka kazi kwenye foleni ya namba 7, ikapeleka interapti (ishara ya kuikatiza), ikaendelea na mambo yake. Namba 7 ichomoke usingizini kwanza, ishughulikie interapti, ipitie foleni, ndipo sched_wakeup iandikwe. Muda wote wa kuchomoka usingizini umeangukia kati ya matukio hayo mawili. Anayepima kuanzia sched_wakeup ameutupa bila kujua, na pengine ndio huohuo aliokuwa akiutafuta.

Nimewahi kuletewa ripoti ya namna hiyo. Grafu nzuri, rangi zimepangika, hitimisho limeandikwa kwa herufi nzito: skedula haina tatizo, watu wa programu wajitafutie kosa lao. Vipimo vyote vilianzia sched_wakeup. Watu wa programu wakajitafutia, wakahangaika, wakaanza kutupiana lawama wao kwa wao. Aliyeandika ripoti alikuwa amefuata nyaraka neno kwa neno, na ndiyo maana siwezi kumlaumu. Nyaraka zilimpa jina la tukio, zikampa namna ya kuliwasha, zikamwacha akisie maana kutokana na jina lenyewe. Nani asingekisia hivyohivyo?

Na sched, kundi la matukio haya, ina mengine. Chukua prio. Endesha programu yako kwa chrt -f 50 (amri ya kuipa kipaumbele cha wakati halisi cha 50), kisha tazama rekodi: prio=49. Ipandishe mpaka 99: prio=0. Kazi ya kawaida ambayo hujaigusa kwa nice (amri ya kubadili kipaumbele cha kawaida): prio=120. Ukijua kwamba hiyo ni hesabu ya ndani ya kerneli, kwamba 0 hadi 99 ni za kazi za wakati halisi, 100 hadi 139 ni za kazi za kawaida, na kwamba namba ndogo ndiyo yenye nguvu, hakuna ajabu. Usipojua, utaandika kichujio cha prio > 50 ukidhani unakamata wakubwa, nacho kitakuletea kila mnyonge aliyemo kwenye mashine. Faili la format litakuambia kwamba uga huo ni namba, ina baiti ngapi na inaanzia wapi. Asante sana.

Halafu prev_state kwenye sched_switch, yaani hali ya kazi inayoondoka prosesa inapohamia kazi nyingine. Herufi S na D (aina mbili za kulala) watu wengi wanazifahamu kutoka kwenye ps, amri ya kuorodhesha kazi, kwa hiyo wanajiona wako salama. Wanakutana na R (tayari kuendeshwa), wanakutana na R+, na kila mtu anajitungia tafsiri. Tafsiri inayopendwa ni kwamba R+ ni kazi iliyonyang'anywa prosesa, na R ni kazi iliyoachia yenyewe. Nusu ya kwanza ni sahihi. Nusu ya pili inaweza kukupoteza siku nzima. Kijumlisho kinawekwa pale kerneli inapoibadilisha kazi kupitia njia ya unyang'anyi, jambo linalotokea kazi ikiwa ndani ya kerneli. Lakini fikiria kazi inayopiga hesabu zake nje ya kerneli, haijaomba chochote kwa mtu. Interapti ya saa inaingia, zamu yake imekwisha, bendera ya kupanga upya inainuliwa. Kerneli inapotaka kurudi kwenye programu inaikuta bendera, inaita skedula kwa njia ya kawaida, na rekodi inaandika R bila kijumlisho. Kazi hiyo haikuachia kitu. Imenyang'anywa mchana kweupe. Aliyehesabu R+ peke yake ili ajue programu yake inasumbuliwa kiasi gani ameacha nje kundi ambalo, kwa programu inayokula prosesa, ndilo kubwa.

Hilo limeandikwa wapi? Limesambaa kwenye msimbo: kidogo hapa ilipo kazi ya kuchagua herufi, kidogo kule kwenye njia ya kutokea kerneli, na maoni mafupi kwamba unyang'anyi hauangalii hali ya kazi. Uunganishe mwenyewe. Watu wa Perfetto, ambao zana yao inategemea ftrace kusoma matukio haya kwenye simu za Android, wameishia kuandika jedwali lao la herufi hizo kwenye nyaraka zao. Mungu awabariki, ila hilo jedwali halikupaswa kuwa kazi yao.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa kwamba nyaraka za ufuatiliaji wa Linux ni bora kuliko za sehemu nyingi za kerneli. Ni kweli, kwa shingo upande nakubali. Tangu ftrace iingie mwaka 2008 kwenye toleo la 2.6.27, Steven Rostedt na wenzake wameandika kwa wingi ambao ni nadra kwa watu wa kerneli. Tofauti ya mafaili ya kusomea rekodi, trace na trace_pipe, imeelezwa vizuri: ya kwanza unaisoma na yaliyomo yanabaki, ya pili inakula kila inachokupa. Imeelezwa wazi kwamba tracing_on ikiwekwa 0 inazuia kuandika kwenye bafa (kumbukumbu inayotunza rekodi) tu, gharama nyingine za ufuatiliaji zinaweza kuendelea. Nyaraka za vichochezi vya hist, vinavyohesabu matukio kwenye majedwali, zina mifano hadi unachoka. Na ndiyo, upo ukurasa wa tracepoint (mahali msimboni tukio linapoandikwa) unaovuna maoni ya msimbo kwa matukio ya interapti, signali, bloku na workqueue. Vizuri. Sasa niambieni kwa nini sched, kundi ambalo kila mgeni huanzia hapo, halimo, ilhali maoni yake yameshaandikwa na yanangoja kuvunwa tu.

(Mambo madogo nayapita. buffer_size_kb, ukubwa wa bafa, ni kwa kila prosesa, na mtu akiisoma kabla hajaanza anapewa "7 (expanded: 1408)" kama kitendawili. Saa ya kawaida ya rekodi ni local, ambayo haiahidi kulingana kati ya prosesa na prosesa, na bado watu wanatoa wakati wa prosesa hii kwenye wakati wa ile kana kwamba ni saa moja ya ukutani. Haya yameandikwa, tatizo ni kwamba yameandikwa mbali na mahali yanapomuumiza mtu.)

Hoja nzito ya wasimamizi wa kerneli ni nyingine, na hii naiheshimu. Wanasema: tukieleza maana ya tukio, tumetoa ahadi, na ahadi kwenye kerneli haivunjwi. Wana kidonda cha kuonyesha. Mwaka 2011, kufuli kuu la kale la kerneli lilipoondolewa, uga wa lock_depth uliokuwa ukibebwa na kila tukio ulibaki hauna kazi. Ukiuondoa, kila kilicho nyuma yake kinasogea. Faili la format lipo kwa sababu hiyohiyo, ili programu isome kila uga uko wapi badala ya kukariri. Lakini powertop, programu ya kupima matumizi ya umeme, ilikuwa imekariri. Ikavunjika, na kwa kuwa sheria ya Linus Torvalds ni kwamba programu ya mtumiaji haivunjwi, ikabidi baiti 4 tupu ziendelee kubebwa na kila tukio kwa ajili ya programu moja. Tangu hapo wapo wasimamizi wa kerneli wanaoona tukio jipya kama mkopo: leo unalikaribisha, kesho huwezi kuligusa. Ndiyo maana kuna sehemu za kerneli, mifumo ya mafaili hasa, ambako kuomba tracepoint mpya ni kuomba ugomvi.

Lakini hebu tulitazame jambo lenyewe bila woga. powertop haikuvunjika kwa sababu kulikuwa na maelezo mengi mno. Ilikariri mpangilio wa baiti, na mpangilio wa baiti ndicho kitu kimoja ambacho kerneli inakiandika kwa ukamilifu. Kutoeleza maana hakukumzuia mtu kuitegemea sched_switch. Dunia nzima inaitegemea sched_switch! Ahadi imeshatolewa kwa matumizi. Kilichobaki ni kwamba kila mmoja anategemea tafsiri yake mwenyewe, na siku tukio litakapobadilika watalia wote, kila mtu kwa sababu yake.

Na kueleza kitu bila kuahidi kwamba hakitabadilika si jambo geni. DTrace, zana ya ufuatiliaji ya mfumo wa Solaris, ilitoka na Solaris 10 mwaka 2005, na mwongozo wake ulieleza kila kundi la vichunguzi: on-cpu inatokea lini, off-cpu inatokea lini, vigezo vyake vina maana gani, na juu ya hayo jedwali la uthabiti linalotenganisha kilicho imara na kilicho cha ndani kisichoahidiwa. Msomaji alijua maana, na alijua ni kiasi gani cha kuiamini. Hata hatuhitaji kwenda mbali mpaka Solaris. Ndani ya Linux yenyewe kuna Documentation/ABI, folda ya nyaraka za vitu ambavyo programu za nje hutegemea, yenye vijisehemu vya stable, testing, obsolete na removed. Utaratibu wa kusema "hiki tumekieleza lakini kinaweza kuondoka" umekaa palepale, umbali wa folda moja. Kwa hiyo hoja ya ahadi, kwa heshima zote, ni hoja ya mtu asiyetaka kuandika aya nne.

Kuhusu "soma msimbo" yenyewe: anayefuatilia matukio ya kerneli mara nyingi ni mtu wa seva ambayo inakwama usiku, au mtu wa sauti ambaye spika zinakatika, au mtu wa simu ambayo skrini inagugumia. Amekuja kwenye ufuatiliaji kwa sababu hawezi kusoma mamilioni ya mistari ili kujua kosa liko wapi. Zana imetengenezwa imwepushe na msimbo, halafu maelezo ya zana yamefichwa kwenye msimbo. Na msimbo gani? Ule wa toleo anayeendesha yeye, wenye viraka vya msambazaji wake, ambao huenda hana hata nakala yake.

Nisije nikaitwa mlalamishi mtupu, aya ya sched_wakeup ningeiandika hivi: "Huandikwa kazi inapokuwa imeshawekwa tayari kuendeshwa. Inaweza kuandikwa na prosesa lengwa badala ya prosesa ya mwamshaji, baada ya interapti. Kwa hiyo muda wa prosesa lengwa kutoka usingizini unaweza kuwa umeshapita. Kupima kusubiri kote tangu kuamshwa, anzia sched_waking, ishia sched_switch ambayo next_pid yake ni ya kazi hiyo, na utumie saa inayolingana kati ya prosesa zote, kwa mfano mono. Maana hii inaweza kubadilika kati ya matoleo." Iwekwe ndani ya events.rst, chini kabisa ya ule mfano wa kuwasha. Wasimamizi wakiona nimeikosea mahali, wairekebishe palepale kwenye faili, si kwenye jibu la maneno mawili.