Gauni la Mama Bibi Harusi, Tumbo na Mvua za Masika

Fundi aliishika simu yangu, akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. "Mama, mshono huu unawezekana. Ila tutauongezea kidogo." Nikajua hapo kinachoongezewa si mshono.

Picha yenyewe alinitumia binti yangu, bibi harusi mwenyewe. Dada mwembamba kama mwanzi, mabega yote nje, gauni limembana mpaka magotini halafu linamwagika chini kama mkia wa samaki. Chini yake mwanangu ameandika: "Mama, hii utapendeza mno." Mimi nina miaka 54, nimezaa wanne, na kiuno nilikiaga kwenye mimba ya tatu. Lakini mtoto akishasema utapendeza, nani atabisha? Nikakata lesi yadi 5, nikalipa nusu ya ufundi, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi baada ya wiki nne. Hilo halimshangazi yeyote aliyewahi kushonesha nguo mjini hapa.

Gauni lilitoka zuri, sisemi uongo. Mbele ya kioo nimesimama wima, pumzi nimeibana, nilikuwa mtu. Shida ilianza nilipotaka kukaa. Zipu ililia. Nikajaribu kuinama, goti likagoma. Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza kabla sijanunua kitambaa: siku ile nitakuwa nafanya nini hasa?

Mama kwenye send-off, ile sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya ndoa, si pambo. Anaingia ukumbini akicheza, tena hatua moja mbele mbili nyuma kwa sababu mpiga picha ndivyo anavyotaka. Anakaa meza kuu saa 4 au 5. Anainama kumwinua mwanawe aliyempigia magoti kumlisha keki. Anakumbatiana na ukoo mzima wa wakwe. Analia, na anayelia anavuta pumzi ndefu. Gauni lisiloruhusu hayo, hata likupendeze vipi kwenye kioo, litakununisha usoni, na sura iliyonuna haifichwi na lesi ya bei yoyote. Kwa hiyo nguo ikitoka kwa fundi, funga mlango wa chumba, washa muziki, cheza, kaa, piga magoti, nyanyua mikono kama unapokea zawadi. Watoto wakikuchungulia na kucheka, waache wacheke.

Kosa letu kubwa ni kwamba tukifika kwa fundi tuna ombi moja tu: nifiche tumbo. Tunazungumzia tumbo tangu kupimwa mpaka kujaribu. Taiti ya kubana inanunuliwa, nyingine juu yake, na saa 3 usiku mama wa watu anatafuta choo cha kwenda kuzivulia. Mimi neno mkaja nalisikia kwenye mambo ya mahari tangu nikiwa msichana, mkaja wa mama, na sikuwahi kuliwaza mpaka zamu yangu ilipofika. Mkaja ni kile kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua. Na ubeleko, anaotunzwa mama siku ya ndoa ya bintiye, jina lake limetoka kwenye nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Tumbo limetolewa mahari, mgongo umetunzwa, halafu sisi wenyewe tunauona mwili huohuo ni aibu ya kuficha.

Tena hata ukitaka kulificha, fikiri unakaa wapi. Meza kuu imevikwa vitambaa na maua mpaka chini. Kamera inakuona kuanzia kifuani kwenda juu: shingo, mabega, mikono, kilemba. Hapo ndipo pesa iende. Gauni la pili, baada ya lile la kwanza kunishinda, nilimwambia fundi mwili aulegeze kidogo tu, lishuke moja kwa moja mpaka kwenye kifundo cha mguu, kisha akili yake yote aiweke kwenye mikono. Tulibishana. Yeye alitaka mikono mifupi yenye marinda begani kwa kuwa ndiyo inayokwenda mjini. Mimi nilitaka ipite kiwiko, iwe ya lesi tupu bila bitana, ifunguke mwishoni kama tarumbeta. Nilishinda kwa sababu mwenye pesa ni mimi. Jambo jingine nililomsisitizia: aache inchi nzima ya akiba ndani ya mshono kila upande. Miezi 2 ya vikao vya kamati ni miezi 2 ya soda na mishkaki, na fundi anayekata akiba yote anakuandalia aibu.

Rangi ndiyo iliyonitesa. Kamati ilishapitisha rangi ya pichi, na mimi ni mweusi wa kung'aa. Rangi ile ikinikaa inanififisha kama nimeugua. Nikachagua damu ya mzee. Shangazi mmoja alinuna, akasema nimejitenga na sare. Ndiyo, nimejitenga. Sare ni ya wanakamati. Mama anatakiwa aonekane kutoka mlangoni bila kuulizia. Ila angalizo kwa wanaonunua Kariakoo, kule Mtaa wa Uhuru na mitaa inayouzunguka: taa ya dukani inadanganya. Omba kitambaa ukitoe nje ukitazame juani. Lesi niliyoiona ya dhahabu kwenye duka moja, nilipofika nayo barazani ilikuwa rangi ya ugoro.

Halafu mvua. Huko Ulaya wanaisubiri Aprili kwa hamu, maua yanachanua, mama anavaa gauni jepesi na kofia. Aprili ya Dar es Salaam ni masika yenyewe. Na harusi zetu nyingi za kanisani ndipo zinapoangukia, maana Kwaresima parokia yetu haifungishi ndoa, basi waliokuwa wakisubiri wote wanamwagika baada ya Pasaka, na mawingu nayo yanamwagika. Satini ikidondokewa na tone moja inaweka doa linaloonekana mpaka altareni. Bitana ya poliesta inaganda mwilini kwa jasho. Tafuta ya pamba. Gauni la kuburuza lisahau, au ushike pindo kama anayevuka mto. Mchuchumio mwembamba unazama kwenye udongo wa uwanja wa kanisa. Kisigino kipana kinakuokoa, na malapa yakae kwenye gari bila kuona haya. Kilemba kikubwa kingojee ukumbini. Kanisani kuna watu nyuma yako, nao wamekuja kumwona bibi harusi.

Wengine wataniuliza mbona nahangaikia send-off kuliko siku ya ndoa. Kwa sababu send-off ndiyo yetu, upande wa mke. Kadi zina majina yetu, deni la ukumbi letu. Sherehe ya usiku wa ndoa ni ya wakwe, na pale mimi ni mgeni mheshimiwa: nilivaa kitenge kizuri, mshono wa kawaida, nikala nikashiba. Nilimpigia mkwe mwenzangu wiki moja kabla nikamuuliza atavaa rangi gani, tusije tukafanana kama mapacha. Simu ya dakika 3 tu, nayo ilitufanya marafiki.

Basi siku ya send-off ikafika. Nimeingia nacheza, damu ya mzee inawaka chini ya taa, nasikia vigelegele. Hazikupita dakika 20, MC akawaita wakwe kuja kumtunza mama. Wakaja na khanga. Wakanifunga ya kwanza kiunoni, ya pili begani, kisha kitenge, kisha wakamalizia na blanketi zito, jekundu, kwenye joto la Aprili. Lesi yote ikapotea. Picha iliyotundikwa sebuleni kwetu ndiyo hiyo: mimi kama mzigo wa mtumba, nimecheka mpaka jino la mwisho, na kutoka ndani ya blanketi umechomoza mkono mmoja, tarumbeta ya lesi imefunguka vizuri, umemshika mwanangu shavuni.