Barabara zetu zipewe nyota, tuanze na za mtembea kwa miguu

Huku Uingereza ninakoishi kuna shirika la hisani, Road Safety Foundation, linalotoa ramani za barabara kuu zikiwa zimekatwa vipande na kila kipande kimepakwa rangi. Kijani ni afadhali, nyeusi ni hatari kupindukia. Wanachukua ajali zilizoua au kujeruhi vibaya kwa miaka kadhaa, wanalinganisha na wingi wa magari yanayopita hapo. Kwa hiyo barabara yenye ajali nyingi haiwi lazima mbaya. Huenda ina magari mengi tu.

Kipande kimoja cha milimani, A537 kati ya Macclesfield na Buxton, kiliwahi kutajwa kuwa kibaya kuliko vyote nchini. Kona kali, kuta za mawe pembeni, na wikiendi pikipiki kubwa zinakuja kujaribu mwendo. Mwaka 2010 zikafungwa kamera zinazopiga wastani wa mwendo wa njia nzima, ukipunguza mbele ya kamera halafu ukakanyaga mafuta bado umekwisha. Mwaka 2016 serikali ikatangaza pauni milioni 175 kwa barabara 50 zenye hatari zaidi. Hawakusema tu "vijana wa pikipiki wazembe" wakafunga faili.

Kwetu Tanzania taarifa ni ileile: chanzo ni uzembe wa dereva. Sawa, mara nyingi ni kweli. Ila mbona uzembe huo una sehemu zake maalumu? Muulize bodaboda yeyote wa Buzuruga, jijini Mwanza, atakutajia mpaka nguzo ya umeme.

Hata hivyo, ramani ile tusiibebe kama ilivyo. Inategemea daftari la ajali lililojaa. Mwaka 2016 Tanzania iliandikisha vifo vya barabarani 3,256. Shirika la Afya Duniani (WHO) likakadiria zaidi ya 16,000. Kwa makadirio hayo, wanne kati ya watano hawamo kwenye daftari. Ukipaka rangi kwa hesabu hiyo, utapaka kijani juu ya makaburi.

Kinachotufaa ni ule mfumo mwingine, wa nyota, wa iRAP, shirika la kimataifa la kupima usalama wa barabara. Gari lenye kamera linapita, kisha kila mita 100 zinakaguliwa: kuna njia ya miguu? Kivuko? Mtaro uko wazi? Magari yanakwenda kasi gani? Kipande kinapata nyota moja hadi tano, na hakisubiri mtu afe ndipo kihesabike. Tena barabara moja inapewa alama nne tofauti: ya mwenye gari, ya pikipiki, ya baiskeli na ya anayetembea.

Hapo ndipo tutaumbuka. Chukua barabara ya Musoma, kutoka Buzuruga hadi Kisesa. Ukiwa ndani ya gari huna neno. Sasa shuka kwenye hiace pale Igoma jioni. Mama ametandaza dagaa ukingoni, bodaboda wamejipanga mbele yake, pikipiki iliyopakia abiria mishikaki inakuja upande usioutazamia. Watoto wa shule wameshikana mikono, kisigino kwenye vumbi, vidole juu ya lami, wanasubiri lori lipite. Halina dalili ya kupunguza.

Lami mpya tunaipigia vigelegele, na mwendo unapanda siku hiyohiyo. Daraja la Kigongo–Busisi la Ziwa Victoria lilipofunguliwa Juni 2025 nami nilishangilia. Aliyewahi kulala foleni ya kivuko ananielewa. Ila barabara zinazoingia na kutoka pale nazo zina watu wanaovuka kwenda sokoni na shuleni. Nataka kujua wao wamepata nyota ngapi. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 barabara mpya zote zifikie viwango vya usalama kwa kila mtumiaji, au ziwe na angalau nyota tatu, na mwenye miguu ni mtumiaji.

Wala si jambo la Wazungu tu. Dar es Salaam mradi wa SARSAI ulikagua njia za wanafunzi, ukaweka matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule, na mwaka 2019 ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI). Mwanza tunashindwa nini?

Mimi ningewataka TANROADS na TARURA, wakala za serikali za barabara, waanze na Igoma, mita 100 baada ya mita 100, na matokeo yabandikwe stendi wananchi wayasome. Wenye magari watalia kwamba matuta yanaua shokapu. Yaue. Shokapu zipo dukani.