Maji ya Moto Yasiyoogwa na Mtu

Kila baridi ikikaza huku Uingereza, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp zinaanza kupigwa picha za bili, na lawama zinaangukia palepale: watoto wanakaa bafuni mno. Mimi sikubaliani. Kwenye nyumba kuukuu kama hizi zetu za Leicester, maji yanayotumaliza ni yale yaliyochemshwa na hakuna aliyeyagusa.

Kwetu Moshi kitu hicho ni kigeni. Mwezi wa saba mlima umejifunika, maji ya bomba yanauma hadi kwenye mifupa. Sufuria inabandikwa, ikichemka inamiminwa kwenye ndoo, unapoza na ya baridi, unaonja kwa mkono, unaingia bafuni na kopo lako. Maji ya lita 15 kuyatoa kwenye ubaridi ule hadi kiasi cha kuogea yanahitaji joto lisilofika hata nusu uniti ya umeme. Ukitoka bafuni, ndoo ni tupu. Hakuna akiba inayopoa mahali.

Nisije nikaonekana nasifia kuni. Moto wa mafiga unapeleka joto kubwa hewani kuliko linaloingia kwenye sufuria, na kuna mama au dada anayeamka alfajiri kuupuliza, macho mekundu kwa moshi, ili wengine tuoge ya moto. Hiyo nayo ni gharama, ila haiandikwi kwenye bili yoyote.

Sasa turudi Leicester. Nyingi ya nyumba hizi za matofali zilizoungana mstari mzima zilijengwa enzi za Malkia Victoria na miaka michache baadaye, bila bafu. Choo kilikuwa uani. Bafu lilikuja kuongezwa baadaye, mara nyingi nyuma ya jiko, chini, wakati tangi la maji ya moto likawekwa juu, ndani ya kabati karibu na chumba cha kulala. Kwa hiyo kati ya tangi na bomba la bafuni kuna safari. Bomba la shaba la milimita 22 linabeba kama theluthi moja ya lita kwa kila mita. Likienda mita 10, kuna lita tatu na ushee za baridi za kumwaga kabla ya maji ya moto kufika. Hilo watu wanaliona. Wasiloliona ni kwamba ukishafunga bomba, lita tatu nyingine za moto, ulizozilipia, zinabaki humo njiani zikipoa. Unaosha kikombe kimoja, unapoteza lita tatu. Baada ya nusu saa unaosha kingine.

Halafu tangi lenyewe. La lita 120, kulipasha kutoka digrii 10 hadi 60, linakula uniti 7 hivi. Koili ya umeme iliyo ndani yake, ya kilowati 3, inahangaika zaidi ya saa mbili. Kama tangi ni lile la zamani la shaba, halina koti la kuzuia joto lisitoke, au koti limechakaa, joto hilo linavuja mchana kutwa, koili inawaka tena, linavuja tena, na wewe uko kazini. Fungua kabati hilo uweke mkono: hewa ni ya Dar mwezi wa pili. Wenyeji wanaanika taulo mle na kulifurahia hilo joto. Mimi naona pauni zinaruka. Na kwa mwenye kutegemea koili hiyo badala ya gesi ni mbaya zaidi, maana uniti ya umeme huku bei yake ni kama mara nne ya ile ya gesi.

Dawa yake ni rahisi kiasi kwamba watu wanaidharau. Koti la tangi lenye unene wa milimita 80, ambalo bei yake haizidi chakula cha wawili mkahawani. Sponji za kuvika mabomba, zile zenye mpasuo ubavuni, uanze na mita ya kwanza inayotoka juu ya tangi, maana joto hupanda lenyewe kuingia mle hata bomba likiwa limefungwa. Taimu, ili koili iwake kabla ya watu kuamka na izime. Kama una mita ya bei nafuu ya usiku, pasha usiku, lakini koti kwanza, la sivyo jioni utaoga vuguvugu. Thamostati, ile ya kupangia joto la tangi, iache kwenye digrii 60. Ukiishusha sana kwa ubahili unawafugia bakteria wa legionella, wale wa kuleta ugonjwa wa mapafu, wanaopenda maji ya digrii 20 hadi 45. Ukiwa umepanga, mwenye nyumba aulizwe kwanza, ingawa sijamsikia anayekataa koti.

Kichwa cha bomba la mvua nacho kipime: tega ndoo kwa dakika moja. Ikiingia lita 12, kuna vichwa vya nusu ya hapo na unaoga vizuri tu. Ila lile bomba la mvua lenye hita yake ya umeme usilibadilishie kichwa ovyo, halikutengenezwa kwa hivyo.

Jirani yangu mzee, Mhindi mzaliwa wa Jinja, mmoja wa wale waliofukuzwa na Amin mwaka 1972, hashughuliki na haya yote. Anachemsha birika, anachanganya kwenye ndoo, anaoga kwa kopo. "Mzee, na mashine zote hizi?" namwuliza kwa Kiswahili chetu. "Wewe oga yako bwana," ananijibu.

Kinachoniudhi ni kwamba ugonjwa huu sasa tunausafirisha. Kaka yangu anajenga Moshi, na kwenye ramani kuna mabafu matatu, kila moja kona yake ya nyumba, kila moja na boila ya lita 80 juu ya dari. Najua yatakayofuata: swichi haizimwi, umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, unaisha katikati ya mwezi, simu inapigwa Uingereza. Dar ndiyo kichekesho kabisa, simtanki nyeusi ikishinda juani juu ya mnara, jioni maji yanatoka ya moto yenyewe, bado mtu anafunga boila kwa sababu aliiona hotelini.

Nimemwambia kaka: sogeza mabafu yapakane ukuta na jiko, mabomba yawe mafupi na yavikwe kabla fundi hajapiga plasta, boila iwe moja, ya jua, juu ya bati. Hiyo nitaichangia. Zile tatu ajinunulie mwenyewe. Ujumbe ameusoma, tiki mbili za bluu, ila hajajibu.