Cheti cha SSL cha bure au cha kulipia: kazi iko kwenye kuhuisha

Cheti cha SSL ni faili la kidijitali linaloiwezesha tovuti kufunguka kwa HTTPS. Wapo wanaoamini cheti cha kulipia kina ulinzi mkali kuliko cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya bure. Si kweli. Nguvu ya usimbaji hutokana na ufunguo na mipangilio ya TLS (itifaki iliyorithi SSL) kwenye seva, wala bei haiongezi chochote.

Hata hivyo, wanaolipa wana hoja za kweli. Mtoa cheti wa kulipia anaweza kuhakiki kampuni yenyewe, si kikoa (domain) peke yake, na taasisi ambayo kanuni zake zinadai hivyo haina budi kulipa. Ila mteja wa kawaida hauoni uhakiki huo: Chrome iliondoa jina la kampuni kwenye mstari wa anwani mwaka 2019. Hoja nzito zaidi ni simu za zamani. Android zilizotangulia toleo la 7.1.1 hazitambui cheti mzizi cha Let's Encrypt, ISRG Root X1, yaani cheti mama ambacho kifaa hukitumia kuamini vyeti vingine. Kama watumiaji wako bado wanazo, tafuta mtoa cheti ambaye mzizi wake ni wa zamani.

Kuna waliokuwa wakinunua cheti cha mwaka mzima ili tu wakwepe kuhuisha kila siku 90. Njia hiyo inazibwa. CA/Browser Forum, jukwaa la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, iliamua Aprili 2025 kwamba ukomo wa uhai wa cheti wa siku 398 ushuke hadi 200 kuanzia 15 Machi 2026, 100 kuanzia 15 Machi 2027, na 47 kuanzia 15 Machi 2029, kwa vyeti vya bure na vya kulipia sawia. Atakayeendelea kuhuisha kwa mkono atachoka, tena atasahau.

Kwa programu nyingi za wavuti, basi, Certbot, programu inayochukua na kuhuisha vyeti vya Let's Encrypt yenyewe, inatosha, mradi iwekwe vizuri. Uhakiki wa HTTP, ambapo Let's Encrypt husoma faili kwenye seva yako kuthibitisha kikoa ni chako, hupitia poti 80. Ukiifunga baada ya kupata cheti kwa kudhani unaimarisha usalama, uhuishaji utagoma bila wewe kujua. Iache wazi, uielekeze HTTPS. Cheti cha nyota (wildcard, kinachofunika vikoa vidogo vyote) hudai rekodi ya TXT ya `_acme-challenge` kwenye DNS, kwa hiyo DNS yako iwe na API ili Certbot iiweke yenyewe.

Kwenye Nginx, programu ya seva ya wavuti, `ssl_certificate` isome `fullchain.pem` (cheti chako pamoja na cha kati, kinachokiunganisha na mzizi), si `cert.pem` (cheti chako peke yake). Ukikosea hapo, Chrome ya kompyuta hujitafutia cheti cha kati na kufungua tovuti kama kawaida, huku curl (zana ya mstari wa amri) na programu za Android zikikataa kuunganishwa. Ukitumia webroot, njia ambayo Certbot huweka faili la uhakiki kwenye folda ya tovuti bila kuigusa Nginx, ongeza `--deploy-hook "systemctl reload nginx"`. Bila hiyo Nginx itaendelea kutoa cheti cha zamani ingawa kipya kiko kwenye diski.

Jaribu kwa `certbot renew --dry-run`, inayofanya majaribio bila kutoa cheti halisi, kwa sababu kwenye mfumo halisi uhakiki ukifeli mara 5 ndani ya saa moja unazuiwa. Na kwa kuwa Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za tahadhari Juni 2025, panga seva nyingine isome tarehe ya mwisho ya cheti kila siku kupitia poti 443 ya HTTPS. Kusoma faili lililo kwenye diski hakutoshi, maana huenda silo linalotolewa kwa wateja.