Afande, Jina Lako Ni Nani?

Sheria nzuri Uganda tunazo. Ile ya mwaka 2012 ya kupiga marufuku mateso inasema ofisa anayemtesa mtu anaweza kufungwa hadi miaka 15, na kudai kwamba alitumwa na mkubwa wake si utetezi. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu: ofisa aliyevunja haki za mtu anawajibika yeye binafsi, na mahakama ikiamuru fidia, sehemu yake inatoka mfukoni mwake. Kifungu hicho kilinifurahisha sana. Tumezoea askari apige, hazina ya serikali idaiwe, malipo yacheleweshwe, na aliyepiga aendelee na kazi kama kawaida.

Ila huwezi kumshitaki mtu usiyemjua.

Jirani yangu hapa Kisenyi, Kampala, mama anayeuza nyanya kando ya barabara, alivunjwa mkono siku ya msako wa wachuuzi. Nilimsindikiza kituoni. Askari aliyekuwa kaunta alitupokea vizuri, hata kiti akamletea. Kisha akauliza, "Mama, aliyekupiga anaitwa nani?" Mama akabaki anamtazama. Aliyempiga alivaa jaketi la kuzuia risasi lililofunika kifua kizima, pale jina la askari linapokaa, na gari lililowaleta halikuwa na namba. Hata fomu ya kwenda kupimwa na daktari, ambayo ndiyo ushahidi wenyewe, ilibidi aiombe pale pale, kwa wenzake wa yule aliyemvunja, huku mkono umefungwa kwa leso na vidole vimevimba. Maelezo yakaandikwa dhidi ya askari asiyejulikana. Mpaka leo hajaitwa tena.

Huyo ni mtu mmoja. Tarehe 18 na 19 Novemba 2020, baada ya Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, kukamatwa wilayani Luuka, watu waliingia barabarani na risasi zikapigwa. Rais Museveni mwenyewe alitaja vifo 54. Kati ya waliokufa walikuwamo wapita njia tu. Miezi iliyofuata, vijana walichukuliwa na magari yasiyo na namba, yale ambayo mtaani tunayaita droni, na watu waliovaa kiraia. Familia ingeanzia wapi kumtafuta mhusika?

Najua upande wa pili. Polisi wetu wanalala kwenye vibanda vya mabati na mishahara haiwatoshi. Wapo pia wanaosema jina likionekana kwenye sare, mhalifu atamfuata askari mpaka nyumbani kwake. Hoja hiyo naiheshimu, lakini jibu lake lipo: weka namba badala ya jina. Namba kubwa, mgongoni na kifuani, juu ya jaketi wala si chini yake, inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na orodha ya nani kapewa namba ipi siku ile ikae kituoni ambapo hakimu anaweza kuidai. Gari lolote linalobeba mtu aliyekamatwa liwe na namba zake mbele na nyuma.

Kwa hilo hatuhitaji sheria mpya. Inspekta Jenerali wa Polisi anaweza kutoa amri hiyo wiki hii, na ningependa aanze na vikosi vinavyotumwa kwenye misako na maandamano, kwa sababu huko ndiko mikono inakovunjwa.