Mali bila daftari: ninachokiona kwenye bili za hospitali nikiwa Houston

Mdogo wangu ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya mkoani Kilimanjaro. Mwisho wa mwezi ukikaribia hapokei simu zangu, kwa sababu akitoka wodini anakaa na rundo la fomu za bima mpaka saa tano usiku. Baadaye baadhi zinarudi zimekataliwa: sahihi haipo, dawa hailingani na ugonjwa ulioandikwa, namba ya kadi imekosewa tarakimu moja. Mgonjwa alishatibiwa, dawa zilishatoka, fedha haziji. "Dada, mimi nilisomea kuhudumia wagonjwa. Haya makaratasi nilitupiwa tu," aliniambia siku moja karibu alie.

Mimi makaratasi hayo hayo ndiyo yananilisha.

Nilipotoka Arusha mwaka 2017 nilikuwa karani wa hoteli, zamu ya usiku, kazi ya kufunga hesabu za siku kabla ya alfajiri. Huku Marekani nilianza kama tunavyoanza wengi, kubeba boksi: miaka miwili ghalani, kisha nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwageuza kitandani. Ile ni kazi ya heshima na ninawaheshimu wanaoifanya, ila mgongo wangu ulikataa. Nikiwa na miaka 38 nikaanza kusoma jioni namna ya kuyageuza maandishi ya daktari kuwa misimbo ya bima, yaani herufi na namba zinazoiambia bima mgonjwa anaumwa nini na ametibiwa vipi.

Mtihani wa CPC, cheti cha waweka misimbo, unaotolewa na chama chao cha AAPC, una maswali 100 ndani ya saa nne, na unaingia na vitabu vyako. Watu wakisikia vitabu vinaruhusiwa wanadhani ni mteremko. Usipokuwa umevizoea vitabu hivyo, muda unaisha bado unapekua. Mara ya kwanza nilipata 64, na alama ya kufaulu ni 70. Mara ya pili nikafaulu, lakini cheti kikaja na herufi A mwishoni, alama ya mwanagenzi, na waajiri wengi wanamtaka mtu ambaye herufi hiyo imeshafutwa na uzoefu. Niliandika maombi kwa miezi saba. Hatimaye ofisi ndogo ya madai ilinichukua, tena si kwa kuweka misimbo bali kwa kupiga simu kampuni za bima kuuliza kwa nini dai fulani halijalipwa. Niliifanya mwaka mzima. Ndipo nilipojua dai linafia wapi, jambo ambalo vitabu havikunifundisha. Na nikagundua kwamba usiku wote ule wa hotelini haukupotea: aliyezoea kulinganisha chakula alichokula mgeni na risiti aliyosaini anaijua nusu ya kazi hii.

Nusu nyingine ni usahihi. Kisukari cha aina ya pili kisicho na madhara mengine ni E11.9. Kikishafika kwenye figo kinakuwa E11.22, na hapo lazima uongeze namba nyingine ya kusema ugonjwa wa figo uko hatua ya ngapi. Daktari akiandika "kisukari" akaishia hapo, mimi siruhusiwi kujaza pengo, hata kama majibu ya maabara yako mbele ya macho yangu. Namrudishia swali, nangoja aandike. Mkono uliovunjika lazima ujulikane ni wa kulia au wa kushoto. Ndiyo maana kitabu cha misimbo ya magonjwa cha Marekani, kilichoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015, kina misimbo takriban 70,000, wakati ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ina kama 14,000. Na kila Oktoba kinafanyiwa mabadiliko, kwa hiyo hakuna siku utakayosema nimemaliza kusoma.

Wahenga wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Najua wapo watakaosema anayekaa majuu asitufundishe, lakini hili nitalisema: nyumbani tunaidharau kazi hii. Tunamtwisha muuguzi aliyechoka au kijana aliyekuja field, halafu tunashangaa rafu za dawa zikiwa tupu. Huku kuna mtu aliyesomea, aliyepimwa, anayelipwa kwa kazi hiyo tu, na daktari hakasiriki akiulizwa naye swali. Tanzania imepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya nayo, mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, Oktoba 2024. Wenye kadi wakiongezeka na madai yanaongezeka. Nani ameandaliwa kuyaandika?

Nisieleweke kwamba nataka tuige bili za Marekani. Jirani yangu alibanwa na kifua usiku, akaendesha gari mwenyewe mpaka dharura kwa kuogopa gharama ya ambulansi, na bima anayo. Nyumbani unaambiwa kalipie kwanza dirishani ndipo uonwe. Huku unaonwa kwanza, bahasha inakufuata wiki kadhaa baadaye, na kiasi kitakachokuwemo hata mimi ninayeshinda ndani ya namba hizo siwezi kukutajia mapema. Baba mdogo alipolazwa, ukoo mzima tulichanga kwenye grupu la WhatsApp na kila mmoja alijua kimebaki kiasi gani. Bahasha ya huku unaifungua peke yako jikoni.

Wadogo zangu wengi wananiandikia wakiulizia kozi ya miezi mitatu kisha kazi ya dola ukiwa nyumbani Dar. Anayewaahidi hivyo anataka ada yenu. Waajiri wengi wa huku wanamtaka mtu aliyeko Marekani, na kazi zinazopelekwa nje, India na Ufilipino wameshazishika kwa miaka. Sasa kompyuta nazo zinapendekeza misimbo, na kazi ya binadamu inasogea kwenye kukagua na kubishana na bima. Mwenye subira bado ana nafasi. Ila ningekuwa na miaka 22 niko Moshi au Mbeya, ningeisomea kazi hii kwa ajili ya hospitali za kule kule.

Siku hizi kila Jumapili jioni kwake, asubuhi kwangu, mdogo wangu hunipigia video akiwa na fomu zilizorudishwa. Kabla ya kuniwekea karatasi mbele ya kamera hufunika jina la mgonjwa kwa kipande cha boksi, kwa sababu nilimwambia bila hivyo siangalii. Mwezi Machi tulianza na fomu 31. Jumapili iliyopita alikuja na sita, na nne kati ya hizo alishagundua kosa mwenyewe kabla sijasema neno.