Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini Si kwa Filimbi

"Alicheza ligi kuu huyo. Mpeni timu." Maneno haya hayafi Malindi. Timu ya basketiboli ikikosa kocha tu, barazani hutajwa kwanza aliyewahi kuvaa jezi Nairobi au Mombasa, na mjadala unakwisha kabla kahawa haijapoa. Kama amewahi kumfundisha mtu chochote, hilo haliulizwi.

Kule Matondoni, kijiji cha waunda majahazi Lamu, nahodha aliyezeeka baharini hapewi tezo achonge jahazi. Huitwa fundi. Nahodha anajua chombo kinavyokwenda, fundi anajua kwa nini kinavuja. Kwenye basketiboli sisi tumeamua hizo ni kazi moja.

Magic Johnson alichukua ubingwa wa NBA, ligi kuu ya Marekani, mara 5 na timu ya Lakers. Mwaka 1994 akapewa timu hiyo hiyo aifundishe: mechi 16, akashinda 5, akaenda zake. Steve Kerr naye, mtu wa benchi aliyekuwa na wastani wa pointi 6 kwa mechi, amewapa Golden State, akiwa kocha, mataji ya 2015, 2017, 2018 na 2022. Gregg Popovich hakucheza NBA hata dakika moja, ana mataji 5 ya ukocha. Erik Spoelstra, aliyekuja kuwa kocha wa Miami, alianzia chumba cha video pale pale. Ndiyo, Bill Russell alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, akabeba ubingwa 1968 na 1969. Haya, nimekubali. Siku Bill Russell wa pili akishuka kwenye matatu ya Mombasa, mpokeeni kwa ngoma na filimbi juu.

Shida ya nyota ni kwamba mwili wake unajua na mdomo wake haujui. Kijana anayetumia mkono wa kulia anashuti, mpira unapotelea kulia kila mara. Nyota anamwambia "nitazame mimi," anafunga mitatu mfululizo, watoto wanapiga makofi, kijana anabaki na ugonjwa wake. Kocha hautazami mkono unaoshuti. Anautazama wa kushoto, ambao kazi yake ni kuushika mpira tu usianguke, na mara nyingi atakuta gumba lake linausukuma mpira dakika ya mwisho. Dawa yake si hotuba. Asimame mita moja kutoka kwenye ringi, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, ashuti mipira 30 kwa mkono mmoja. Kisha mkono urudi, vidole viguse mpira, gumba lisiguse kabisa. Siku tatu nne hivi, kabla hajaruhusiwa kurudi nyuma hata hatua moja. Na mpira ukianza kupungukiwa njiani mazoezi yanapokaribia kwisha, asikemewe "tia nguvu mkononi." Magoti ndiyo yamechoka, hayakunjiki tena, mkono unabebeshwa kazi ya miguu.

Halafu muda. Kuanzia saa kumi na nusu, jua likipungua makali, hadi maghribi, hapo pana dakika 100 na ushei. Tuseme mna wachezaji 20, mipira 4 na ringi mbili. Nyota hupuliza filimbi, watano kwa watano, uwanja mzima. Kumi wanakaa ukutani wakipiga soga, na kati ya kumi wanaokimbia, wawili wanaojua zaidi ndio wanaoshika mpira. Hayo ndiyo yanayoitwa mazoezi! Kocha angeweka watatu kwa watatu kwenye kila ringi, hao ni 12 wamepata kazi. Wanane waliobaki wako pembeni na mipira miwili, wanafanya pivoti, yaani kugeuka huku mguu mmoja haubanduki chini, na pasi, na kila baada ya dakika 8 watu wanabadilishana. Watano kwa watano huja mwisho, dakika 20, tena kwa sharti: hakuna kudunda mpira, pasi tu. Hapo ndipo wale waliozoea kusimama wakiomba mpira kwa mikono watalazimika kuchomoka kuelekea kikapuni.

Siku ya mechi aibu huwa kubwa zaidi. Timauti, yaani mapumziko anayoomba kocha, ni 2 nusu ya kwanza ya mechi na 3 ya pili, dakika moja kila moja, na nyota huzimaliza akimfokea refa. Faulo za timu hazihesabu, kwa sababu enzi zake kulikuwa na mtu benchi akimhesabia. Faulo ya tano katika robo inaingia, wapinzani wanakwenda kwenye mstari kupiga mitupo huru miwili, naye anaduwaa.

Februari 2021, Yaoundé, Kenya iliifunga Angola na kukata tiketi ya AfroBasket, michuano ya ubingwa wa Afrika, mara ya kwanza tangu 1993. Kocha alikuwa Liz Mills, Mwaustralia. Usiku ule hakuna aliyeuliza alifunga pointi ngapi ujanani.

Sisemi wachezaji wa zamani wafukuzwe. Jicho lao la mchezo ni mali, na vijana huwasikiliza, hilo siwezi kulikataa hata nikitaka. Lakini waanze na wadogo, msimu mzima, chini ya mtu anayejua kufundisha. Huko ndiko watakakojulikana. Nyota wetu huwapa watoto wa miaka tisa mpira wake mwenyewe, namba 7, kwenye ringi ya mita 3.05. Mtoto hafiki, kwa hiyo anautupa kutoka kiunoni kama anayemwaga ndoo ya maji, na mkono huo atakuwa nao hadi ndevu zimtoke. Watoto wa umri huo mpira wao ni namba 5, na ringi yao ni mita 2.60. Basi kabla ya kumpa mtu filimbi, mwulizeni hayo mawili, na mumwombe karatasi yenye mazoezi ya wiki moja, dakika kwa dakika. Picha zake za zamani tumeshaziona.